Nani Asema? Mchezo wa Kufumbua Maneno ya Shaaban Robert katika Rungwe

Msomaji ajuaye kutega na kutegua vitendawili hana haja ya maelezo marefu juu ya mchezo nitakaousimulia. Mmoja wetu alitamka sentensi moja au mbili kutoka katika kitabu cha Shaaban Robert pasipo kukitaja, na wenzake wakatakiwa kusema imetoka wapi. Walioshindwa walidaiwa mji, kama desturi ya vitendawili itakavyo. Wakatoa Mbeya, au Kyela, au Tanga, naye mtegaji akajisifu kidogo juu ya enzi yake mpya kabla ya kufunua jibu. Usiku mmoja mwenzetu aliyekwisha kutoa miji yote aliyoifahamu alitoa Kusadikika. Ubishi mkubwa ulizuka. Wengine walisema hiyo ni nchi wala si mji, wengine wakasema haimo duniani hata itawaliwe, na kengele ya kulala ikagongwa kabla ya hukumu kupatikana.

Hayo yalikuwa katika bweni la shule moja karibu na Tukuyu, katika miaka ya 1970. Anayeijua Tukuyu anajua pia kwa nini mchezo wa ndani ya nyumba ulistawi huko. Mlima Rungwe huvuta mawingu ya Ziwa Nyasa, na katika miezi ya masika mvua huweza kunyesha siku nyingi mfululizo, mashamba ya chai na migomba yakafunikwa na ukungu tangu alfajiri. Mpira hauchezeki. Vijana hukaa wakazungumza.

Mazungumzo hayo yana historia yake. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walikuta watu wanaoishi katika vijiji vya marika, vijana wa umri mmoja wakijenga pamoja na kukaa pamoja tangu utotoni. Walikuta pia neno moja lililothaminiwa kuliko mengi: *ukwangala*, yaani kukaa na wenzako kwa furaha, mkila, mkinywa na kuongea. Wenyeji waliwaeleza kwamba mtu hupata akili kwa kuongea na walio sawa naye. Monica Wilson alikitoa kitabu chake juu ya vijiji hivyo mwaka 1951. Mwaka huo huo Kusadikika kilipigwa chapa. Sidai kwamba vitabu hivyo viwili vilijuana, lakini kwangu mimi vimekaa rafu moja, kwa sababu bweni letu lilikuwa kijiji cha marika kilichoingiliwa na kitabu cha Kiswahili.

Wala Kiswahili hakikuingia Rungwe kwa mlango mmoja. Wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin waliofika huko mwaka 1891 walichagua kuhubiri na kufundisha kwa lugha ya wenyeji. Kiswahili kilikuwa lugha ya boma, ile iliyotumiwa na serikali ya Wajerumani katika Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, kwa askari, kwa kodi na kwa mashauri. Waingereza walipochukua nchi walikiendeleza katika shule na ofisi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kukisanifisha juu ya msingi wa Kiunguja. Kwa hiyo babu zetu wengi walikisikia Kiswahili kwanza kama lugha ya kuamriwa. Kijana wa Rungwe aliyekariri ukurasa wa Shaaban Robert alikuwa anaichukua lugha hiyo kutoka mkononi mwa karani na kuifanya ya kuongea na marika yake. Nadhani ndiyo sababu tuliucheza mchezo ule kwa ukali kuliko ulivyostahili. Kuikamata sentensi ya mtu wa Tanga na kuijua kwao ilikuwa ni kuthibitisha kwamba na sisi tumo.

Na vitabu vyenyewe vilifaa kwa mchezo huo. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alianza kujulikana kwa mashairi yake katika gazeti la Mambo Leo. Alipogeukia hadithi hakupenda sana kueleza mitaa na nyumba tuzijuazo, bali alibuni nchi. Kusadikika iko angani. Kufikirika ina mfalme aliyekosa mrithi. Watu wake huitwa kwa tabia zao, na sentensi zake hupimwa kama mizani ya sonara, upande huu na upande ule. Sikio lililozoea haliwezi kupotea: maneno matatu yatosha kumtambua. Twaweza kusema alikuwa mwepesi mno kufumbuliwa, na kwa muda mrefu tuliona kwamba kumtambua ndiko kumsoma.

Mwalimu mmoja wa zamu ndiye aliyetuharibia raha hiyo. Alikuja kuzima taa, akakuta mmoja wetu ametega sentensi yenye mwendo mzuri sana, na bweni zima limeitikia kwa sauti moja, “Kusadikika!” Mwalimu akasimama mlangoni na koti lake lenye maji, akauliza, “Nani asema?” Tukajibu, “Shaaban Robert, mwalimu.” Akasema, “Sikuuliza nani ameandika. Nimeuliza nani asema.” Hapakuwa na aliyejua. Akatuamuru tulete kitabu, na kwa mwanga wa kurunzi tukaitafuta sentensi ile. Ilikuwa ya Majivuno.

Msomaji atakumbuka habari yenyewe. Karama ameshitakiwa mbele ya mfalme wa Kusadikika kwa kosa la kuanzisha mafundisho ya sheria kati ya watu, na Majivuno ndiye mshitaki. Karama hujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na faida kwa nchi yao na kulipwa kifungo. Mwisho Karama anashinda, na wajumbe wanafunguliwa. Basi sentensi tuliyoipenda, na ambayo baadhi yetu tulikuwa tumeiandika katika jalada la daftari kama wosia wa Shaaban Robert, ilikuwa imetoka katika mashitaka. Tulikuwa tumemweka mwandishi upande wa watu aliokuwa akiwapinga, na tulikuwa tumefanya hivyo kwa heshima kubwa.

Kosa hilo latueleza kitu juu ya mwandishi mwenyewe na wakati wake. Shaaban Robert aliingia kazi ya serikali katika idara ya forodha mwaka 1926. Kusadikika kilipotoka alikuwa bado mtumishi wa serikali katika Tanganyika, nchi ya udhamini chini ya Uingereza, na TANU haikuwa imezaliwa mpaka Julai 1954. Mtu wa namna hiyo akitaka kuandika juu ya baraza linalowafunga wenye kuleta faida hana budi kulipeleka baraza hilo angani. Wako wanaosema kitabu hiki ni fumbo juu ya ukoloni. Wako wanaosema ni juu ya dhuluma popote iwapo, hata ya watawala wa kwetu. Mimi naona ugomvi huo hauna haja ya kuisha, kwa kuwa nchi ya kubuni yaweza kuwabeba wote wawili. Lakini jambo moja ni dhahiri: nchi ile imejengwa kwa vinywa vingi, na mwandishi amejificha nyuma yavyo kwa makusudi. Ukiukata mdomo mmoja na kuupachika jina lake umeiondoa ile kinga aliyoijenga, wala hukupata fikira yake.

Katika Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, shauri ni gumu zaidi. Mizizi ya hadithi ile imo katika Alfu Lela U Lela, ambamo ndugu wawili wabaya waligeuzwa mbwa; Shaaban Robert akawageuza manyani. Sasa mtegaji akitoa sentensi ya Adili, aseme ni ya nani? Ya Adili, ya Shaaban Robert, au ya msimuliaji wa Kiarabu asiyejulikana? Baada ya usiku ule wa kurunzi tulijaribu kuweka kanuni: nukta moja kwa kitabu, mbili kwa msemaji. Kwa Adili tuligombana hata tukakiondoa kitabu hicho mchezoni, jambo ninalolijutia, maana ndicho kilichokuwa kinatuchekesha kuliko vyote.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Kufikirika, alichokiandika mwaka 1946, hakikutoka mpaka 1967. Tangu hapo maneno yake yameandikwa katika mitihani, hotuba na kadi za harusi, na mara nyingi yameandikwa hivyo hivyo, jina la mwandishi chini na msemaji hayupo. Yapo pia ambayo sijayapata katika kitabu chake chochote. Nadhani ni methali za kawaida zilizotafutiwa baba mwenye heshima.

Nakala yangu ya Kusadikika ni ile ile ya bwenini, niliyoipewa tulipomaliza shule. Pembeni mwa kila sentensi iliyopigiwa mstari kuna jina kwa kalamu ya risasi: Karama, Majivuno, mfalme, mjumbe. Katika ukurasa wa nyuma kuna orodha ya miji iliyotolewa na walioshindwa. Kusadikika imeandikwa humo, ikafutwa, ikaandikwa tena. Mimi ndimi niliyeifuta, na mpaka leo naona haikustahili kupokelewa.