Jörg Haider na Deni Aliloiachia Austria

Tarehe 3 Oktoba 1999 Waaustria walipiga kura, na matokeo yakaishtua Ulaya. Chama cha Uhuru, FPÖ, ambacho mwaka 1983 kiliambulia asilimia 5 tu, safari hii kilizoa asilimia 26.9 na kushika nafasi ya pili, kikiwapita wahafidhina wa ÖVP kwa kura 415. Aliyekifikisha hapo ni Jörg Haider, mwanasheria wa miaka 49, mtanashati, mwepesi wa ulimi, aliyejua kuzungumza na mkulima, na mfanyakazi wa kiwandani, na kijana wa disko, kila mmoja kwa lugha yake. Wengi nje ya nchi walimwona kama mtu aliyezuka usiku mmoja. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Haider naye aliundwa, na mafundi walikuwa wengi kuliko wanaopenda kukiri.

Alizaliwa Januari 1950 huko Bad Goisern, mji mdogo wa milimani. Baba yake, fundi viatu, alikuwa Mnazi tangu ujana, na mama yake alikuwa kiongozi katika jumuiya ya wasichana ya Wanazi. Vita vilipokwisha, baba alilazimishwa kuchimba makaburi ya wahanga wa kambi ya mateso, na mama akazuiwa kufundisha. Katika familia za namna hiyo mwaka 1945 ulikumbukwa kama mwaka wa fedheha, na kinyongo hicho kilirithishwa watoto pamoja na jina la ukoo.

Fundi wa kwanza alikuwa nchi yenyewe, nayo ilijitafutia simulizi isiyouma. Mwaka 1943 mataifa yaliyopigana na Ujerumani yalitangaza mjini Moscow kwamba Austria ilikuwa nchi huru ya kwanza kuangukia mikononi mwa Hitler. Waaustria waliling'ang'ania tamko hilo kwa zaidi ya miaka arobaini. Umati uliomshangilia Hitler kwenye uwanja wa Heldenplatz mjini Vienna, Machi 1938, haukuzungumzwa. Wayahudi wa Austria wapatao 65,000 waliouawa hawakuzungumzwa vya kutosha. Mwaka 1949 waliokuwa Wanazi wa ngazi za chini, karibu nusu milioni, walirudishiwa haki ya kupiga kura, na vyama vyote vikaanza kuwabembeleza. FPÖ, kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1950, kilimchagua Anton Reinthaller kuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Huyu alikuwa ofisa wa SS na waziri katika serikali ya Wanazi ya mwaka 1938.

Fundi wa pili alikuwa mfumo wa vyama vyenyewe. SPÖ cha wasoshalisti na ÖVP cha wahafidhina vilitawala kwa ubia tangu 1945 hadi 1966, kisha tena kuanzia 1987, na vilizoea kugawana kila kitu. Ukurugenzi wa benki ya umma, ukuu wa shule, ajira ya serikalini, mara nyingine hata nyumba ya manispaa, vyote vilitafutwa kwa kadi ya chama. Kijana asiye na kadi, hata awe na vyeti kiasi gani, alijua mahali pake. Hili lilikuwa lalamiko la haki kabisa. Kosa la vyama vikubwa ni kwamba vililiacha bila jibu mpaka akatokea mtu wa kulitumia.

Haider aliingia bungeni mwaka 1979 akiwa na miaka 29. Septemba 1986, katika mkutano mkuu wa chama mjini Innsbruck, alimng'oa mwenyekiti Norbert Steger, mtu wa mrengo wa kiliberali aliyekuwa Makamu wa Chansela. Chansela Franz Vranitzky wa SPÖ alivunja ubia na FPÖ papo hapo na kuitisha uchaguzi. Haider akapata asilimia 9.7, karibu mara mbili ya kura za awali. Mwaka huohuo Kurt Waldheim alichaguliwa kuwa rais baada ya kufichuliwa kwamba alikuwa ameficha sehemu ya utumishi wake katika jeshi la Hitler. Mwaka huohuo tena Haider alirithi kwa ndugu wa ukoo wake Bärental, shamba la misitu la hekta zipatazo 1,600 katika jimbo la Carinthia, ambalo familia ya Kiyahudi ilikuwa imelazimika kuliuza wakati wa Wanazi. Yaliyopita yalikuwa hai katika siasa, na hata katika hati za ardhi.

Mwaka 1989 akawa gavana wa Carinthia. Juni 1991, katika mabishano ya baraza la jimbo, alisifu sera ya ajira ya utawala wa Hitler kuwa bora kuliko ya serikali ya Vienna. Baraza likamwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani. Wiki chache baadaye, tarehe 8 Julai, Vranitzky alisimama bungeni na kukiri kwamba Waaustria walishiriki katika maovu yale. Hayo yalikuwa maneno ya kiungwana yaliyochelewa sana: aliyekuwa na miaka ishirini Hitler alipoingia Vienna sasa alikuwa na zaidi ya sabini.

Kufukuzwa hakukumpunguza. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, Yugoslavia ilikuwa inaungua, na makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Bosnia walivuka mpaka. Haider aliacha wimbo wa zamani wa chama chake, kwamba Waaustria ni sehemu ya taifa la Wajerumani, akaanza kuuimba uzalendo wa Austria. Januari 1993 alizindua ombi la wananchi la kubana uhamiaji. Kabla ya kuanza kukusanya sahihi, watu zaidi ya 200,000 walijaa Heldenplatz na mitaa ya jirani usiku, wameshika mishumaa, kumpinga. Sahihi zilizopatikana hazikufika nusu ya milioni moja aliyoitarajia. Heide Schmidt, aliyekuwa naibu wake, alijitoa na kuunda chama cha kiliberali.

Hapo angeweza kukwama. Lakini serikali ya SPÖ na ÖVP, kwa hofu ya kura, ilibana sheria za hifadhi na ukaaji mwaka baada ya mwaka, ikidhani inamnyang'anya hoja, kumbe inamthibitishia. Mei 1999, chini ya waziri wa mambo ya ndani kutoka SPÖ, kijana wa Kinigeria aliyekuwa akirudishwa kwao alifariki ndani ya ndege iliyotoka Vienna kwenda Sofia. Askari waliomsindikiza walikuwa wamemfunga kwenye kiti na kumziba mdomo kwa mkanda wa gundi. Haider hakuwa katika serikali kuu siku hiyo. Fikra zake ndizo zilizokuwamo. Kwa msomaji wa Afrika hili ndilo la kukumbuka: siasa ya chuki huua hata kabla ya mwenyewe kukalia kiti.

Baada ya uchaguzi wa 1999, Wolfgang Schüssel wa ÖVP, aliyeahidi kwenda upinzani akishika nafasi ya tatu, alishika nafasi hiyo na kuwa Chansela kwa kura za Haider. Tarehe 4 Februari 2000 mawaziri walipita njia ya chini ya ardhi kwenda kuapishwa kwa Rais Thomas Klestil, kwa kuwa juu waandamanaji walikuwa wamefurika. Nchi 14 za Umoja wa Ulaya zilipunguza uhusiano wao na Vienna, na Israel ikamwita nyumbani balozi wake. Lakini vikwazo viliwafanya Waaustria wengi waone nchi yao inaonewa, na Septemba vikaondolewa.

Kilichomwangusha Haider kilitoka ndani. Chama kilichoishi kwa kupinga kila kitu sasa kililazimika kupanga bajeti. Haider, aliyebaki Carinthia, alikorudi kuwa gavana mwaka 1999, aliwashambulia mawaziri wa chama chake mwenyewe. Uasi wa wajumbe mjini Knittelfeld, Septemba 2002, ukawafanya Makamu wa Chansela Susanne Riess-Passer na wenzake wajiuzulu. Novemba FPÖ kilishuka hadi asilimia 10. Mwaka 2005 Haider alianzisha chama kipya, BZÖ, na kukiacha kile cha zamani kwa Heinz-Christian Strache.

Carinthia ndiko tunakomwona alivyo hasa. Mkataba wa mwaka 1955 ulioirudishia Austria uhuru uliwaahidi Waslovenia wa jimbo hilo vibao vya majina ya mahali vya lugha mbili. Desemba 2001 Mahakama ya Katiba ilisisitiza haki hiyo. Haider alifanya nini? Februari 2006 alikwenda Bleiburg, ambao kwa Kislovenia ni Pliberk, akashiriki kwa mikono yake kuhamisha vibao vya Kijerumani pekee umbali wa mita chache, ili hukumu isivihusu tena. Gavana, daktari wa sheria, alikuwa anaikimbia mahakama mbele ya kamera.

Kwa wafuasi wake alikuwa na mkono wazi. Mwaka 2008, bei zilipopanda, wazee na watu wa kipato cha chini walipanga foleni kwenye ofisi za serikali kupokea yuro 100 taslimu, na gavana mwenyewe akiwakabidhi. Mtu aliyepanda kwa kulaani upendeleo wa kadi ya chama alikuwa ameweka upendeleo wa mkono wake mwenyewe. Fedha za umma zikapokewa kama sadaka ya bwana mkubwa, na mpokeaji akarudi nyumbani akimshukuru yeye.

Usiku wa kuamkia Oktoba 11, 2008, gari lake liliacha njia karibu na Klagenfurt likienda kasi ya kilomita 142 kwa saa pasiporuhusiwa kuzidi 70, naye akiwa amelewa. Maelfu walimzika kwa machozi. Kisha bili ikaja. Jimbo lenye watu kiasi cha 560,000 lilikuwa limedhamini madeni ya benki ya Hypo Alpe-Adria kwa zaidi ya yuro bilioni 20, mara nyingi zaidi ya bajeti yake ya mwaka. Desemba 2009 serikali kuu ililazimika kuitaifisha benki hiyo, Carinthia ikaponea chupuchupu kufilisika, na mwaka 2016 wadai wakakubali kupokea pungufu. Walipa kodi wa nchi nzima walibeba mzigo. Vibao vya lugha mbili viliwekwa baada ya makubaliano ya mwaka 2011, katika vijiji na miji 164, na mbingu haikuanguka.

Hata hivyo FPÖ hakikufa. Septemba 2024, chini ya Herbert Kickl, kilishika nafasi ya kwanza katika uchaguzi wa bunge kwa asilimia 28.8, rekodi ambayo Haider hakuifikia. Katika nchi nyingi za Ulaya, wanasiasa wa aina ya Haider leo hawashangazi mtu.

Somo la maisha yake haliishii kwenye ubaya wa mtu mmoja. Taifa lililokataa kuyataja makosa yake lilimpa lugha. Vyama vilivyogawana ajira kama mali ya urithi vilimpa hoja. Wapinzani walioiga sera zake walimpa heshima, na mshirika aliyetaka uchansela kwa kila hali alimpa serikali. Kati ya hao wote hakuna aliyelazimishwa. Anayetaka kuwazuia akina Haider hana budi kuanza mapema zaidi ya siku ya uchaguzi: aitendee haki historia, agawe kazi kwa sifa, na akatae kununua kura kwa lugha ya chuki hata pale inapoonekana inalipa. Austria iliahirisha mambo hayo matatu, na kila mwaka wa kuahirisha uliongeza deni.