Kabla hujamwambia mtu afunge mdomo

Kila mtu mnene Nairobi ameshaambiwa afunge mdomo. Na shangazi kwa harusi, na makanga, na yule mtu wa kuuza chai ya kupunguza tumbo. Nyuma ya hayo maneno kuna imani ya zamani kwamba mafuta ya mwili ni kama magunia ya mahindi kwa stoo: yamekaa tu, hayafanyi kitu, na yakijaa sana, lawama ni ya mwenye stoo. Hata wanasayansi waliamini hivyo kwa miaka mingi. Na wasee, imani hiyo ilivunjwa na panya.

Mwaka ni 1949, pahali ni Maabara ya Jackson, mji mdogo wa Bar Harbor kule Maine, Marekani. Kati ya panya waliofugwa hapo kwa utafiti, wakatokea wengine ambao walikula na kula na hawakushiba, mpaka wakafika karibu mara tatu ya uzito wa wenzao. Shida ilirithiwa, kwa hivyo ilikuwa jeni. Wakawaita ob. Katikati ya miaka ya 1960 aina nyingine ikatokea hapo hapo, wanene vile vile na kisukari kikali juu. Hao wakaitwa db.

Sasa akaingia Douglas Coleman, mwanakemia kutoka Kanada. Jaribio lake linatisha kiasi, lakini ni la akili sana. Alishona panya wawili ubavu kwa ubavu ili damu ya mmoja ifike kwa mwingine kidogo kidogo. Alipounganisha panya wa kawaida na db, yule wa kawaida aliacha kula. Chakula kiko hapo mbele yake, hakigusi, mpaka akafa njaa. Akaunganisha ob na db: ob, yule mlafi asiyeshiba, naye akaacha kula akafa. Lakini ob akiunganishwa na panya wa kawaida, anapunguza kula na haendelei kunenepa vile.

Hebu fikiria hapo. Kumbe kuna kitu kwa damu kinachoambia mwili "imetosha". Ob hawezi kukitengeneza. Db anacho kingi kupita kiasi, ila mwili wake hausikii. Coleman aliandika hayo kufikia 1973, na wengi hawakumwamini. Kwao unene ulikuwa tabia, wala si kemia. Si ni vile tu tunasema hadi leo?

Ilichukua zaidi ya miaka 20 kukipata hicho kitu. Mwaka wa 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliipata jeni ya ob, na inafanyia kazi ndani ya seli za mafuta zenyewe. Yaani ile stoo ina simu, na imekuwa ikipigia ubongo kila siku kuripoti akiba iliyobaki. Homoni hiyo wakaiita leptini, kutoka neno la Kigiriki la wembamba.

Pesa zikafuata mbio. Mwaka wa 1995 kampuni ya Amgen ililipa dola milioni 20 kupata haki ya kuitengeneza. Kila mtu alidhani dawa ya unene imefika. Lakini watafiti walipopima damu ya watu wanene, wengi hawakupungukiwa na leptini. Walikuwa nayo tele, maana seli za mafuta zikizidi kujaa, zinaitoa zaidi. Ni kama alamu ya gari inayolia usiku kucha mtaani. Mwishowe hakuna anayechungulia dirishani. Amgen walipojaribu kuwadunga wanene leptini zaidi, matokeo ya 1999 yalikuwa hafifu.

Ilifanya kazi kwa wachache sana. Mwaka wa 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, waliripoti binamu wawili, mmoja wa miaka minane mwenye kilo 86, mwingine wa miaka miwili na kilo 29. Hawakuwa na leptini inayofanya kazi. Mkubwa alipoanza sindano, njaa yake ilishuka na uzito ukafuata. Huyo ndiye mtoto ambaye watu wangemwita mlafi.

Na si leptini peke yake. Mafuta yakizidi, adiponektini, homoni inayosaidia insulini kufanya kazi, inashuka. Seli hizo pia zinageuza homoni nyingine kuwa estrojeni, na hiyo ni sababu moja ya unene kuongeza hatari ya saratani ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi.

Sisemi chakula na mazoezi havina maana. Vina maana sana. Lakini ukipunguza uzito, leptini nayo inashuka, na ubongo unaelewa jambo moja tu: njaa imeingia nchini, tafuta chakula. Hiyo vita mtu anapigana kila jioni, na hakuna chai ya kuimaliza.

Leptini ya sindano ilikuja kuidhinishwa Marekani mwaka wa 2014. Unajua ilipewa nani? Watu wenye lipodistrofia, ugonjwa unaofanya mwili ukose mafuta.