Desemba ya Mstaafu: Fumbo, Matembezi na Ng'ambo ya Ruvuma

Kuna wiki mbili katika mwaka ambazo mstaafu ana kazi nyingi kuliko mwajiriwa. Zinaanza Desemba 20 hivi, zinakwisha Mwaka Mpya ukishapita. Mwajiriwa yuko likizo, amelala. Mstaafu ndiye anayepokea wageni stendi, anayehesabu magodoro, anayetafuta jogoo wa sikukuu na kuitikia "marahaba" mara hamsini kwa siku. Hapo katikati anaiba saa moja ya kujaza fumbo la maneno na saa nyingine ya kutembea.

Mimi ni mwalimu wa historia niliyestaafu, naishi Mtwara mjini. Nilifundisha tarehe kwa miaka mingi, na ugonjwa huo haujanitoka. Kwa hiyo nimejaribu kuyasoma mambo haya matatu ya msimu wetu, yaani fumbo, matembezi na kutembeleana, kama mwanahistoria anavyosoma jambo lolote: lilitoka wapi, nani alilileta, nani alilipia gharama. Yanaonekana mambo madogo. La mwisho si dogo hata kidogo.

Fumbo

Fumbo la maneno lilizaliwa msimu huuhuu. Tarehe 21 Desemba 1913, siku nne kabla ya Krismasi, gazeti la New York World lilichapa mchezo mpya katika kurasa zake za burudani. Mtunzi wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani. Fumbo lake lilikuwa na umbo la almasi, na aliliita Word-Cross. Mwaka 1924 wachapishaji wawili vijana, Simon na Schuster, walitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, kikiuzwa pamoja na penseli. Baada ya hapo Uingereza nayo ikaambukizwa, na kupitia Uingereza mchezo ukatufikia sisi magazetini, tukauweka katika kapu moja na maswali mengine na kuliita lote "chemshabongo".

Lakini msomaji wa Kiswahili hakungoja Mmarekani amfundishe kufumba. Sisi tumelelewa na "Kitendawili!" "Tega!" na ukishindwa unatoa mji. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, kurasa zake za mashairi ziligeuka uwanja wa watu wa mbali kulumbana bila kuonana. Ninachotaka kusema ni kwamba kwetu fumbo ni la watu wawili. Mmoja anafumba, mwingine anafumbua, na kama hakuna wa kufumbua basi hakuna fumbo. Lile la gazetini unakaa nalo peke yako na kalamu.

Ndiyo maana siku hizi natunga ya kwangu, wajukuu wafumbue. Nimejifunza mengi kuhusu lugha yetu kwa njia hiyo. Silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo herufi zinapishana vizuri: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Andika RUVUMA kwenda kulia, halafu MIKINDANI ishuke, zikutane kwenye A, kazi imekwisha. Tabu iko mstari wa chini kabisa. Neno linaloshuka linataka kumalizikia kwenye irabu, sasa ukiweka MTWARA pale chini, hizo M, T na W zinabaki zinakutazama. Labda "maalum" aje kuiokoa M. T na W, pole yako. Halafu kuna ugomvi wa "sh" na "ng'": ni kisanduku kimoja au viwili? Mjukuu wangu wa darasa la sita anashikilia kimoja, kwa sababu, anasema, "Babu, ni sauti moja." Mimi nasema viwili. Hatujakubaliana, na hoja yake si mbaya.

Swali lililowashinda wote mwaka jana lilikuwa hili: "Pembetatu iliyobadilishwa mwenyewe bila kuhama, herufi sita." Simu zilitolewa, hazikusaidia. Jibu nitalitaja chini.

Matembezi

Kutembea bila shughuli, kwa ajili ya kutembea tu, ni jambo geni Mtwara. Nikitoka Shangani asubuhi na fimbo yangu, kabla sijafika mbali bodaboda wawili wamesimama. "Mzee, unakwenda wapi?" "Natembea tu." Wananionea huruma, wanafikiri sina nauli. Mmoja aliwahi kunibeba bure kwa nguvu.

Wana haki ya kushangaa. Njia za huku zilitengenezwa na watu waliotembea kwa lazima. Mikindani, kama kilomita kumi kutoka mjini kwa barabara inayozunguka ghuba, ulikuwa mwisho wa misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watumwa. David Livingstone alipita hapo Machi 1866, akianza safari yake ya mwisho, na nyumba anayosemekana kukaa wageni wanaonyeshwa mpaka leo. Katika kundi lake alikuwamo kijana wa Kiyao, Chuma, aliyekuwa amekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa miaka michache kabla. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma na mwenzake Susi, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hayo ndiyo matembezi. Mimi nikifika Mikindani naketi kivulini, naangalia boma la Wajerumani la mwaka 1895 pale kilimani, halafu narudi na daladala.

Mtwara yenyewe ni mji wa matembezi marefu kwa sababu ulichorwa kwa watu ambao hawakuja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliamua kulima karanga Tanganyika kwa kiwango ambacho dunia haikuwahi kukiona: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji bandari, na ghuba ya Mtwara ina kina kirefu. Wakachora mji, wakapanua barabara, wakajenga reli ya kwenda Nachingwea. Januari 1951 mradi ulifutwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Bandari ilikamilika karanga zikiwa zimeshakufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli iling'olewa. Mzee anayetembea leo mjini anaona nafasi kati ya nyumba na nyumba ambayo haina maelezo mengine. Ni nafasi ya karanga.

Kilichokuja kweli ni korosho. Na hapa Desemba ya kusini inatofautiana na ya Moshi au ya Dar. Msimu wa mavuno unaanza kama Septemba au Oktoba, minada inafuata, na sikukuu zinakuta fedha ya korosho ama imeshaingia mfukoni ama inangojwa kwa hasira. Mwaka 2018 wanunuzi walipogoma bei, Serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Desemba ile kila mgeni aliyeingia kwangu alikuwa na swali moja: "Mmeshalipwa?" Sisi wastaafu nasi tulikuwa na letu. Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli aliahirisha kikotoo kipya cha mafao mpaka mwaka 2023. Nyumba yetu ilikuwa na redio moja na matangazo mawili ya kusubiri.

Ukitembea zaidi, upande wa kusini-mashariki, unafika Msimbati, mahali penye kisa cha mstaafu mwenzangu. Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alijijengea maisha yake pale ufukweni. Mwaka 1959, Tanganyika ikielekea uhuru, yeye akatangaza kwamba Msimbati ni dola inayojitegemea, eti usultani. Mchezo wake ulikwisha miaka michache baadaye, Tanganyika ilipokuwa imeshajitawala. Watu husimulia habari zake kama kichekesho. Mimi namfikiria kama mtu aliyestaafu akataka asitembelewe na yeyote. Pembeni ya ufukwe huohuo, mwaka 1982, iligunduliwa gesi, na tangu hapo Msimbati imepata wageni wengi kuliko sultani yeyote angeweza kuwazuia.

Kutembeleana

Angalia lugha yetu inavyosema. Kutembea na kutembelea ni mzizi mmoja. Unatembea ili umtembelee mtu, na asiyetembelea watu huyo anazurura. Kwetu huku, kwa miaka mingi sana, matembezi ya sikukuu yalikuwa na mwelekeo mmoja mkubwa: kusini, kuvuka Ruvuma, au wao kuja kaskazini.

Hapa ndipo ilipo tarehe ya tatu. Tarehe 30 Desemba 1886, Ujerumani na Ureno walitia saini mjini Lisbon tamko la kugawana maeneo yao Afrika. Mto Ruvuma ukawa mpaka. Ilikuwa kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, na nadhani waliotia saini walikuwa na haraka ya kwenda kwa familia zao. Mdomoni mwa mto hawakuelewana vizuri. Wajerumani wakadai kipande cha kusini, wakakishika mwaka 1894. Kipande hicho ni Kionga. Aprili 1916, vita ikiendelea, Wareno walikichukua, na mwaka 1919 mkataba wa amani ukawapa rasmi. Hilo ndilo jibu la fumbo langu: K-I-O-N-G-A.

Mama yangu alizaliwa Kionga. Mama yake alizaliwa chini ya Mjerumani, akavunja ungo chini ya Mreno, bila kuhama hata chumba. Binamu zake waliokuwa Msimbati wakawa watu wa Mwingereza. Kila mmoja alilipa kodi kwa mtawala wake na walizikana kama kawaida.

Mto haukuwa ukuta. Mwishoni mwa Novemba 1917 Lettow-Vorbeck aliuvuka na jeshi lake, akawashinda Wareno huko Ngomano. Vijana wa Kimakonde waliuvuka kuja mashamba ya mkonge Tanganyika, wakarudi na fedha na fikra. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walitoka upande huu kwenda Mueda kudai haki, na tarehe 16 Juni 1960 Wareno wakafyatulia risasi umati uliokusanyika pale. Vita ya ukombozi ilipoanza Septemba 1964, waliovuka wakawa wakimbizi na wapiganaji, na Mtwara ikawa nyumba yao mpaka Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975. Mwaka 2010 lilifunguliwa Daraja la Umoja kule Mtambaswala, juu mtoni, lakini sisi wa pwani tuliendelea na njia zetu: kivuko cha Kilambo, au jahazi mpaka Msimbati.

Watoto wa mama mkubwa walikuja kwa njia hiyo kila Desemba. Walikuja na samaki wakavu, wakaondoka na khanga na sukari. Kiswahili chao kilichanganyika na Kimwani na maneno ya Kireno, na watoto wangu walikuwa wanawaigiza, wote wakicheka.

Oktoba 2017 mapigano yalianza Mocímboa da Praia. Mwanzoni tulidhani ni jambo la kupita. Oktoba 2020 yalivuka mto, kijiji cha Kitaya kikashambuliwa huku kwetu, na Desemba ile hakuna aliyekuja. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilivamiwa. Wiki chache baadaye mtoto mmoja wa mama mkubwa alifika kwangu na watoto wanne, wawili si wake. Hakubeba samaki. Nilimuuliza habari za ndugu zake, akasema, "Kaka, tuliachana njiani." Wapo wawili ambao mpaka leo hatujajua kama ni wa kuwasubiri au wa kuwasomea.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu ya zamani. Kwenye vitabu vya shule Ruvuma ni jibu la swali moja: taja mpaka wa kusini wa Tanzania. Nami nimelisahihisha jibu hilo maelfu ya mara, nikaweka alama ya vema, maana ni sahihi. Lakini wajukuu wangu hawawajui ndugu zao wa ng'ambo kwa majina. Miaka michache tu ya kutokutembeleana imetosha kufanya kile ambacho Mjerumani, Mreno na Mwingereza hawakukiweza. Undugu haufi kwa mkataba. Unakufa mtu akiacha kupanda jahazi, halafu mtoto akiacha kuuliza.

Kwa hiyo msimu huu fumbo letu halina Ruvuma wala Mikindani. Visanduku vyote ni majina ya watu: mama mkubwa, watoto wake saba, wajukuu wake tunaowajua, na vijiji walikozaliwa. Kila jina lina maelezo mafupi: "Alikuwa anapiga mluzi akipika", "Alimfundisha mama yenu kuogelea". Binamu yangu aliyekimbia ndiye anayetoa maelezo, mimi naandika, watoto wanajaza. Kwa wale wawili wamebishana kama waandike "yupo" au "alikuwapo". Binamu aliwaambia waandike "yupo", nasi tumeliacha hivyohivyo.