Siku niliyodhani "superfluous" ni sifa

Najua nimepotea siku nyingi, msinilaumu, ni asaimenti juu ya asaimenti na bumu nalo lilichelewa. Leo nina stori ambayo mwanzo wake ni aibu yangu mwenyewe, ila katikati ni historia tupu, kwa hiyo vumilieni.

Wiki mbili zilizopita tulirudishiwa insha za semina. Pembeni ya aya yangu ya pili, ile niliyoikeshea kabisa, mhadhiri kaandika neno moja kwa kalamu nyekundu: "superfluous". Mimi nikaona "super" tu, moyo ukafurahi. Nikaibeba karatasi mpaka hosteli nikamwonyesha mwenzangu wa chumba: "Ona mtoto wa Kayumba anavyotesa!" Jamaa akasoma, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe maana yake ni kitu cha ziada kisichohitajika. Yaani aya nzima ilikuwa ya kutupa!

Nilicheka na mimi, lakini usiku usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Wengi wetu tumesoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza. Tukakariri tukasonga mbele. Tunafika chuo tunakuta wenzetu wanamwaga "paradigm" na "ubiquitous" kwenye semina, tunanyamaza. Kuna mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza hapa hosteli, kichwa kweli kweli, aliniambia tangu chuo kifunguliwe hajawahi kunyoosha mkono. Anaogopa kuchekwa. Anaamini wanaojua maneno makubwa ndio wenye akili.

Basi Jumamosi nikaingia maktaba. Sikwenda kukariri kamusi, nilitaka kujua haya maneno yametoka wapi. Nilichokuta kimenipa amani.

Kumbe Waingereza wenyewe yaliwashinda! Kiingereza cha zamani kilikuwa lugha ya Waanglo-Saksoni. Mwaka 1066 William wa Normandy akavuka bahari akaiteka nchi, na kwa vizazi kadhaa wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa. Kanisani na kwa wasomi kilitawala Kilatini. Mkulima akabaki na Kiingereza chake. Ilipofika karne ya 16, wasomi walitaka kuandika elimu kwa Kiingereza, wakaona maneno hayatoshi, wakaanza kuyachota Kilatini na Kigiriki kwa ndoo. Thomas Elyot, kwenye kitabu chake cha 1531, alitumia neno "maturity" na ikabidi awaeleze wasomaji wake maana yake, maana lilikuwa geni. Leo mwanafunzi wa sekondari analijua.

Ugomvi ukazuka. Wapinzani waliyabatiza "maneno ya pembe ya wino", kwa vile zamani wino uliwekwa kwenye pembe, na maneno yenyewe yalinuka meza ya msomi. John Cheke, profesa wa Kigiriki pale Cambridge, ndiye alikuwa mstari wa mbele kutaka Kiingereza kibaki safi. Profesa wa Kigiriki, hebu fikiria! Mwaka 1553 Thomas Wilson akatunga barua ya kejeli, ya mtu anayeomba cheo kwa maneno mazito mwanzo mwisho. Sasa cheki hii: kati ya maneno aliyoyacheka Wilson yamo "celebrate" na "dexterity", ambayo leo tunafundishwa. Lakini "obtestate" na "ingent", ya barua hiyo hiyo, yalishakufa. Hakuna aliyejua mapema lipi litaishi.

Halafu akaja mtu wangu. Wengi tunadhani kamusi ya Kiingereza ilianza na Samuel Johnson mwaka 1755. Ile ilikuwa kubwa, kama maneno 42,000, lakini miaka 151 kabla yake, mwaka 1604, alitangulia Robert Cawdrey. Huyu aliwahi kuwa mwalimu wa shule, kisha mchungaji aliyevuliwa kazi kanisani kwa misimamo yake ya Kipuritani. Kitabu chake kilikuwa na maneno kama 2,500 tu, na hakuhangaika na maneno ya kawaida. Alikusanya maneno magumu peke yake, yale yaliyotoka Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na Kifaransa, akaweka mbele ya kila moja maana fupi kwa Kiingereza rahisi.

Na aliwaandikia nani? Ukurasa wa kwanza unasema wazi: wanawake, na yeyote mwingine asiye na ujuzi, wanaokutana na maneno hayo kwenye Maandiko au mahubiri. Shule za Kilatini zilikuwa za watoto wa kiume, kwa hiyo mwanamke alikaa kanisani mahubiri yakampita juu ya kichwa, kama sisi semina. Cawdrey ilibidi aelekeze hata namna ya kutafuta neno kwa mpangilio wa alfabeti, maana wasomaji hawakuuzoea. Na yeye alidesa pia! Sehemu kubwa ya orodha aliichota kwa mwalimu mwenzake, Edmund Coote, aliyetoa kitabu mwaka 1596. Kwa hiyo mnaopiga fotokopi madesa, mna babu yenu.

Wadau, kamusi ya kwanza ya Kiingereza haikuandikwa kwa ajili ya wageni kama sisi. Iliandikwa kwa Waingereza ambao lugha yao ilikuwa imewakimbia. Ugumu wa neno ulikuwa unaonyesha nani alipata shule na nani alinyimwa, sio nani ana akili.

Tangu hapo nimebadili msuli wangu. Sikariri tena orodha, nauliza neno limetoka kwa nani. "Ask" ni la wenyeji, "question" lilikuja na Wafaransa, "interrogate" ni la Kilatini. Hata sisi tuna "uliza" ya Kibantu na "swali" ya Kiarabu, na hatuogopi. Na hiyo "superfluous" iliyoniua: "super" ni juu, "fluere" ni kutiririka. Kufurika. Aya yangu ilifurika! Ukishaijua "fluere" umeshawapata ndugu zake: fluid, fluent, influence. Neno moja, faida nne.

Jana jioni nilimweleza mdogo wetu haya yote tukiwa kantini. Alisikiliza kimya, akamaliza chai yake, akauliza, "Kwa hiyo kaka, nikikutana na neno nisilolijua niulize tu?" Nikamwambia uliza, mdogo wangu, na atakayecheka mwambie kuhusu 1604. Semina yake ni Alhamisi. Nitawaletea habari.

Haya, ngoja nikaandike upya ile aya. Safari hii fupi.