Kisukari, presha na mzigo wa mawazo: Huduma ya afya ya akili katika vituo vya afya vya Nyali

MGONJWA wa kisukari anayefika katika zahanati sukari ikiwa imepanda kwa mara ya tatu mfululizo huulizwa maswali yale yale. Je, dawa anakunywa? Chakula anachagua? Tarehe ya kurudi aliikumbuka? Ni nadra kuulizwa iwapo analala usiku, au kama bado lipo jambo linalompa furaha. Ilhali majibu ya maswali hayo mawili ndiyo ambayo mara nyingi hueleza kwa nini dawa haikunywewa na tarehe ikapitwa.

Nyali, iliyo bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, hujulikana na wageni kwa hoteli za ufuoni na majumba ya kifahari. Lakini kaunti ndogo hiyo, iliyokuwa na wakazi 216,577 kati ya 1,208,333 wa kaunti nzima katika sensa ya mwaka 2019, ina sura nyingine pia. Wadi zake ni Frere Town, Ziwa la Ng'ombe, Mkomani, Kongowea na Kadzandani, na humo huishi wachuuzi na wapakuzi wa soko la Kongowea, waendeshaji bodaboda, mafundi na vijakazi wanaohudumu katika majumba hayo hayo. Soko la Kongowea huamka kabla ya jua. Kliniki nayo huwa asubuhi. Mchuuzi wa nyanya mwenye presha hulazimika kuchagua kati ya foleni ya dawa na mauzo ya siku nzima, na si ajabu kwamba mara nyingi huchagua mauzo.

Huduma za afya za umma nchini Kenya zimepangwa kwa ngazi 6. Ngazi ya 1 ni jamii yenyewe, ya 2 ni zahanati, ya 3 ni kituo cha afya, kisha zinafuata hospitali. Ngazi 3 za mwanzo ndizo huitwa afya ya msingi, na humo mgonjwa huhudumiwa na muuguzi au afisa wa kliniki. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili hapatikani huko. Basi hoja si kumngoja bingwa huyo afike zahanati, bali ni kiasi gani cha kazi yake kinachoweza kufanywa na muuguzi aliye tayari na mgonjwa mbele yake.

Maradhi mawili, mwili mmoja

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo. Kwa upande wa sukari, karibu asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa. Ikiwa magonjwa yenye kifaa cha kupimia yanapita bila kuonekana kiasi hicho, yale yasiyo na kifaa hupita kwa urahisi zaidi.

Mtu mwenye kisukari yumo katika hatari ya kupatwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, mara mbili au zaidi kuliko mtu asiye na ugonjwa huo. Sababu zinaenda pande zote mbili. Ugonjwa usiopona huchosha, hula pesa na hubadilisha cheo cha mtu nyumbani: baba aliyekuwa akibeba magunia sasa hubebewa. Sonona nayo huondoa hamu ya kupika, kutembea na kuhesabu vidonge, hivyo sukari hupanda, na kupanda kwake huongeza uchovu na kukata tamaa. Kwa walio na maradhi mazito ya akili hali ni mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeeleza kwamba watu hao hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi wao wakiuawa na magonjwa ya moyo na mengineyo ya mwili ambayo hakuna aliyeyatafuta.

Kusikiliza lugha ya mgonjwa

Wachache sana mjini Mombasa husema kwamba wana sonona. Husema "nina mawazo", "moyo mzito", "kichwa kimejaa" au "mwili hauna nguvu", na wengi huanza na mwili: maumivu ya mgongo, kichwa kinachogonga, tumbo lisilotulia. Muuguzi anayeandika "maumivu ya kichwa" na kutoa panado hajakosea kuandika, ila amesikia nusu tu.

Njia iliyozoeleka katika afya ya msingi huanza na maswali mawili: katika wiki 2 zilizopita, je, umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Majibu yakielekea ndiyo, huulizwa dodoso la maswali 9 lenye jumla ya alama 27, ambapo kuanzia alama 10 mgonjwa huhitaji kuangaliwa kwa makini. Dodoso hilo lipo kwa Kiswahili na limetumiwa na watafiti katika kaunti jirani ya Kilifi. Swali la mwisho huhusu mawazo ya kujiua. Wahudumu wengi huliruka kwa hofu ya kumtia mtu wazo hilo, jambo ambalo utafiti haukubaliani nalo. Kuulizwa kwa upole humpa mgonjwa nafasi ya kusema.

Kuna tahadhari moja inayostahili kukaziwa. Kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio na hofu ya ghafla ni dalili za wasiwasi, lakini pia ni dalili za sukari iliyoshuka kwa mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari. Sukari hupimwa kwanza, nasaha baadaye. Vivyo hivyo, upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyolegea huweza kuvaa sura ya sonona. Muguka na miraa, zinazotafunwa sana Pwani, hupandisha presha na kuharibu usingizi. Anayezitafuna mpaka usiku wa manane hawezi kutibiwa usingizi kabla hajaulizwa kuzihusu.

Dawa zinazogombana

Dawa za sonona ambazo huweza kutolewa katika ngazi za chini ni kama fluoksetini na amitriptilini. Ya pili, ikimezwa kwa wingi, huweza kusimamisha moyo, kwa hiyo haipewi kwa mkupuo wa miezi kadhaa mtu mwenye mawazo ya kujiua. Pia humfanya mzee anayetumia dawa za presha aone kizunguzungu anaposimama. Baadhi ya dawa za wazimu, hususan olanzapini, huongeza uzito na sukari, hivyo anayezitumia apimwe uzito, presha na sukari kila mara. Lithiamu huhitaji uangalifu mkubwa zaidi: ikichanganywa na dawa fulani za presha, zikiwemo za kuongeza mkojo, au na dawa za maumivu kama ibuprofeni, hujikusanya mwilini hadi kuwa sumu. Mgonjwa anayekwenda kliniki mbili akiwa na vitabu viwili ambavyo havijawahi kufunguliwa mezani pamoja ndiye aliye hatarini.

Kutoka Mathari hadi mlangoni

Kwa muda mrefu Kenya ilitibu akili kwa kuitenga. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianzishwa mwaka 1910. Kwa wakazi wa Mombasa, mahali pa kulazwa palipojulikana ni Port Reitz, Changamwe. Kutoka Kongowea hadi huko ni kuvuka daraja la Nyali, kukata kisiwa kizima na kutokea Makupa. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake si jambo dogo.

Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, na serikali za kaunti zikapewa wajibu katika huduma hizo. Tangu Oktoba 2024, chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), huduma za zahanati na vituo vya afya vya umma zimepangiwa kulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi kwa aliyejisajili. Hata hivyo, usajili hauponyi rafu tupu: dawa ikikosekana, mgonjwa huelekezwa duka la dawa, na asiye na kitu huenda nyumbani.

Mwaka 2023 takriban wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa kote nchini wakiwa na mikoba yenye mashine ya presha na kipima sukari. Nchini Zimbabwe, mpango wa benchi la urafiki ulioanzishwa na Dkt Dixon Chibanda mwaka 2006 umeonyesha kwamba akina nyanya waliopewa mafunzo, wakikaa bencini nje ya zahanati, huweza kupunguza dalili za sonona. Mhamasishaji wa Ziwa la Ng'ombe anayepiga hodi kupima presha tayari ameshakaribishwa. Hahitaji kifaa kingine kuuliza habari ya usingizi. Atakuta pia kwamba familia nyingi zimeshakwenda kwa shehe, mchungaji au mganga. Kuwakebehi hufunga mlango. La maana ni kuhakikisha kwamba mwenye kifafa au kisukari haachi vidonge wakati wa maombi au kombe.

Mwenye dalili za kutaka kujidhuru hapaswi kuachwa peke yake, na dawa na sumu ziondolewe karibu naye. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba, hivyo hofu ya polisi isiwe sababu ya kumficha.

Dawa za sonona huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuonyesha nguvu zake, na hushauriwa ziendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya mgonjwa kupata nafuu. Wengi huziacha katika wiki ya pili kwa kudhani hazifai, au mwezi wa tatu kwa kudhani wamepona. Kuziacha ghafla huleta kizunguzungu na kukosa usingizi, kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, kwa tarehe zinazoandikwa katika kitabu kile kile cha presha au kisukari.