Kidakuzi Hakikuzaliwa Mpelelezi

Wasee, kila siku unabonyeza "Kubali" ndio usome tu matokeo ya mpira. Unachokubali ni vidakuzi, zile kuki. Nilifuatilia zilitoka wapi, na kumbe mwanzo wake haukuwa mbaya.

Mwaka 1994 tovuti hazikuwa na kumbukumbu. Ukifungua ukurasa wa pili, ishakusahau, kama mwenye duka anayekuuliza jina kila ukigeuka kuchukua mkate. Netscape ilikuwa na mteja aliyetaka kuuza vitu mtandaoni bila kuhifadhi vikapu vya wanunuzi kwenye seva zake. Lou Montulli, mhandisi kijana pale, akabuni kitu kama kikaratasi: tovuti inakiandika, kivinjari chako kinakitunza, ukirudi kinakionyesha. Na kila tovuti isome chake pekee. Wazo la kumpa kila mtu nambari moja inayoonekana kila mahali alilikataa, maana aliona mtu angefuatwa nayo.

Shimo likabaki kwenye matangazo. Ukurasa unaosoma unaweza kubeba tangazo kutoka seva ya kampuni nyingine kabisa, na hiyo nayo inakuachia kikaratasi chake. Ikiwa na matangazo kwenye tovuti elfu moja, inakuona kwenye zote elfu. DoubleClick ilijenga biashara hapo.

Sasa hapa ndio mimi hukasirika. Februari 1997 IETF, wale wataalamu wa viwango vya intaneti, walitoa waraka, RFC 2109, uliotaka vivinjari vizuie vidakuzi vya aina hiyo hadi mtumiaji mwenyewe aruhusu. Netscape na Microsoft hawakufuata. Kwa hivyo mtu asikuambie ati hatari haikujulikana mapema. Ilijulikana, ikaandikwa, ikapuuzwa.

Machi 2008 Google ikamaliza kununua DoubleClick, bei dola bilioni 3.1. Septemba mwaka huo huo ikatoa Chrome. Yaani muuza matangazo ndiye anakutengenezea kivinjari! Safari ya Apple ilifunga vidakuzi hivyo kabisa mwaka 2020. Google nayo iliahidi mwaka huo kuviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango.

Huku kwetu simu nyingi ni Android, na Chrome unaikuta imo tayari. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta mipangilio ya tovuti, zuia vidakuzi vya kampuni zingine. Ni dakika moja, na bando haliguswi.