Majina ya mitaa ya Eastlands yana siri nzito

Juzi nilikuwa ndani ya matatu jijini Nairobi, makanga akinadi, “Kariokor, Shauri Moyo, Burma!” Mwanafunzi wangu niliyeketi naye akaniuliza, “Mwalimu, kwani Kariokor ni Kijaluo ama ni Kikamba?” Nilicheka, kisha nikaona haya. Nimefundisha fonolojia miaka mingi bila kulitaja jina hilo darasani.

Si Kijaluo wala Kikamba. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi walichounda Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walipopigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Barabara zilikuwa haba na punda walikufa kwa kuumwa na mbung’o. Basi Mwafrika akatwikwa chakula na risasi. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na kuhara damu na malaria wala si bunduki. Jina lilibaki palipokuwa kambi yao.

Dar es Salaam nako kuna Kariakoo, asili ni ile ile. Wenzetu walifuata sikio: Mwingereza haitamki ile r ya mwisho, na Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Sisi tukang’ang’ania r.

Shauri Moyo nayo ina uchungu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wakoloni walibomoa kijiji cha Pangani ambako Waafrika, wengi wao Waislamu, na wanawake wakiwemo, walikuwa wamejenga nyumba zao na kuzipangisha. Wakahamishiwa nyumba za manispaa. Husimuliwa kuwa jina lilitoka hapo: ukihama, ukikataa, shauriana na moyo wako.

“Lakini sarufi inataka shauri la moyo,” mwanafunzi akateta. Nikamjibu kwamba aliyebomolewa nyumba hana muda wa kutafuta “la”.

Siku hizi nyumba kuukuu za Eastlands zinabomolewa kupisha maghorofa, na wazee wanatawanyika. Kwa hivyo nilimpa kijana kazi: ashuke Burma, atafute mzee mmoja, aulize kwa nini soko la nyama la Nairobi likaitwa jina la nchi ya Asia. Najua ni askari wa KAR waliopigana huko na Wajapani katika Vita vya Pili. Ila nataka aambiwe na mzee mwenyewe, na si mimi. Alishuka. Bado namsubiri.